Mwanza–Bukoba kwa Ndege: Kilomita 174, Lakini Saa Ngapi?

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana hapa Mwanza Jumapili iliyopita. Wengi mmeniomba niiandike kwa ajili ya waliokosa. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, na maswali mawili matatu ya mwishoni.)

 

Katibu aliponipigia alitaka niongelee "hali ya usafiri wa anga nchini". Nikamwambia, kaka, hiyo ni mada ya profesa. Mimi nakaa dirishani nakata tiketi mjini hapa, huu ni mwaka wa saba. Niache niongelee safari moja tu ambayo naiuza karibu kila siku, Mwanza kwenda Bukoba. Swali ninaloulizwa kuliko yote siyo bei, maana bei mtu akiisikia ananyamaza mwenyewe. Swali ni hili: "Dada, kwa ndege mpaka Bukoba ni mbali kiasi gani, na nitatumia muda gani?" Na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikijibu bila kufikiri: dakika arobaini na tano, mama, unafika.

Leo nataka niwaeleze kwa nini jibu lile ni kweli na ni uongo kwa wakati mmoja, na kwa nini sisi vijana wa upinzani tunapaswa kuujua huo uongo umekaa wapi.

Tuanze na umbali. Naomba chaki.

Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini ya ikweta, na longitudo yake ni nyuzi 32.93 mashariki. Uwanja wa Bukoba uko nyuzi 1.33 kusini, na longitudo 31.82. Toa. Kusini na kaskazini zimebaki 1.11. Mashariki na magharibi zimebaki 1.11 vilevile. Mmeona? Ni kama mraba, na ndege inapita kona kwa kona. Huku kwetu karibu na ikweta kila nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo kila upande wa mraba ni kilomita 123. Ule mstari wa kona kwa kona, hesabu ya pembetatu ya sekondari ileile tuliyokuwa tunaikimbia, unatoa kilomita 174. Marubani wanahesabu kwa maili za baharini, maili moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo wao watakwambia ni maili 94. Hakuna siri hapo. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifanya hesabu hii akiwa kwenye daladala.

Ukienda kwa barabara unalizunguka ziwa. Unatoka Nyegezi, Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, unaingia Muleba, ndipo Bukoba. Ni kilomita 400 na kitu. Kwa meli unakata maji usiku kucha, unaingia jioni na kuamka Bukoba. Kwa hiyo ukiangalia ramani tu, ndege ndiyo mfalme, na mstari wake karibu wote uko juu ya maji matupu. Kukiwa kweupe, ukikaa upande wa kushoto, karibu na kufika unaona kisiwa cha Bumbire. Pazuri kweli, sikatai.

Niwape na hii mkaitafakari mkifika nyumbani. Kutoka Bukoba mpaka Entebbe kwa mstari wa angani ni kama kilomita 167. Yaani uwanja wa Bukoba uko karibu na Uganda kuliko ulivyo karibu na sisi hapa Mwanza. Na mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000.

Sasa muda. Ndege za mapangaboi zinazotua Bukoba, zile za abiria arobaini mpaka sabini, zikishatulia angani zinakwenda kilomita 500 kwa saa na zaidi. Gawanya 174 kwa 500, unapata dakika 21. Mbona basi tiketi inasema arobaini au arobaini na tano? Kwa sababu muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi ndege inapoacha ardhi. Unaanza inapoondolewa vile vigingi kwenye magurudumu, na unaisha inapowekewa tena kule. Ndani yake kuna kutembea mpaka mwisho wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mwongoza ndege, kupanda, kushuka, kujipanga kutua. Kwenye safari fupi kama hii ndege haikai kwenye kasi yake hata robo saa. Inapanda, inapumua kidogo, inaanza kushuka. Ndiyo maana ndege kubwa yenye mbio zaidi isingeokoa muda wa maana hapa. Ile ndogo ya injini moja inayobeba watu kumi na kitu, mwendo wake kilomita 300 kwa saa, unakuta inapitwa kwa dakika kumi au kumi na tano tu.

Kwa hiyo dakika 45 ni kweli. Ni kweli kwa ndege. Shida ni kwamba abiria siye ndege.

Niwasimulie yaliyonikuta. Mwezi wa nne, mwaka mmoja kabla daraja halijafunguliwa, bibi yangu alifariki. Bibi huyu ndiye aliyenilea, kijijini kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba. Nikapigiwa simu Jumanne usiku, na mazishi yakapangwa Alhamisi saa tisa alasiri. Nikajiambia, mimi ndiye muuza tiketi, nitasumbuka na basi kwa nini? Nikajikatia ndege ya Alhamisi asubuhi. Dakika 45, kisha gari kutoka Bukoba mpaka Kamachumu, saa tano nipo msibani nasaidia kupika. Nauli ilikuwa zaidi ya mara tano ya basi. Nikasema ni bibi, hakuna hasara.

Nikaamka saa kumi usiku. Saa kumi na mbili nipo uwanjani. Mdogo wangu anakaa Bukoba mjini, karibu na ziwa, akanipigia: "Dada, huku kumefunga, hata Musira haionekani." Musira kwa wasiopajua ni kisiwa kidogo mbele ya mji wa Bukoba, ukisimama ufukweni unakiona kama umekiweka mezani. Nikamjibu, wewe acha uoga, wenyewe wanajua.

Tukasubiri. Saa mbili ikapita, saa mbili na nusu. Tukaitwa, tukapanda, tukaruka. Tukafika juu ya Bukoba, nje ya dirisha ni pamba tupu. Tukazunguka. Tukajaribu kushuka, injini zikanguruma, tukapanda tena. Tukazunguka tena. Halafu rubani akatangaza kwa sauti ya upole kabisa kwamba tunarudi Mwanza.

Ndani ya ndege ile kulikuwa na wanaume waliomtukana yule rubani. Mimi mwenyewe moyoni nilimtukana. Saa nne na nusu nipo tena pale nilipoanzia. Nikakimbilia Nyegezi, nikapata basi la saa sita, Kigongo tukakuta foleni ya kivuko, na tulishuka Muhutwe saa tatu usiku. Bibi alikuwa ameshalala chini saa sita zilizopita. Niliweka udongo wangu kesho yake asubuhi, peke yangu na mama mdogo.

Na kinachoniuma ni hesabu. Basi la saa kumi na mbili asubuhi ya siku ileile lilipita Muhutwe saa saba na nusu mchana. Lile ambalo nililiona la wanyonge.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana sitaki mtu atoke na neno lisilo langu. Rubani yule namshukuru. Alibeba mafuta ya kwenda, mafuta ya kukimbilia uwanja mwingine, na akiba ya dakika thelathini juu yake kama kanuni zinavyotaka. Alipoona haoni, aligeuza. Kila mtu aliyekuwa mle ndani yupo hai. Sisi watu wa Kagera tunajua kugeuza kuna thamani gani. Novemba 6, 2022, asubuhi, saa tatu kasoro hivi, ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam iliingia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na uwanja. Walikuwemo watu 43. Walifariki 19, marubani wote wawili wakiwemo. Walionusurika 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi. Baadaye nchi nzima iliona picha za wananchi wakivuta ndege kwa kamba.

Kabla ya hapo tulikuwa na MV Bukoba, Mei 21, 1996. Safari ileile, Bukoba kuja Mwanza. Mamia ya ndugu zetu, wengine wamelala Igoma hapa. Kwa hiyo mtu wa Kagera akikuuliza "ni mbali kiasi gani", usidhani anauliza kilomita tu.

Kwa nini Bukoba panafunga hivyo asubuhi? Hili nililitafuta mwenyewe baada ya msiba, maana nilitaka nimpate wa kumlaumu, nikakuta ni ziwa. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto. Upepo unatoka nchi kavu pande zote, Mara, Mwanza, Kagera, Uganda, unaelekea ziwani. Unakutana katikati, hewa inapanda na unyevu wake, mawingu yanakua, radi zinapiga juu ya maji usiku kucha. Halafu upepo wa mashariki unayasukuma hayo mawingu upande wa magharibi, na magharibi ya ziwa ni nani? Bukoba. Kwa hiyo alfajiri na asubuhi, hasa misimu ya mvua, mzigo unashushwa pale. Mzee yeyote aliyezaliwa Kashai atakwambia mvua ya Bukoba ni ya asubuhi. Mchana mara nyingi panafunguka.

Basi niulizeni, kwa nini ndege ya Bukoba mara nyingi inafika asubuhi? Kwa sababu ndege nyingi za ndani zinalala Dar es Salaam. Zinaamka kule, zinatawanyika mikoani, zinarudi kulala. Ratiba imepangwa kufuata ndege inapolala. Ziwa Victoria halikuulizwa. Sijasema ratiba ile imeua mtu, msinilishe maneno. Ninachosema, ratiba ni uamuzi wa binadamu, na uamuzi wa binadamu unaweza kuhojiwa.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Uwanja wa Mwanza njia yake ya kurukia inazidi kilomita tatu. Wa Bukoba ni kama kilomita moja na nusu. Mbele ziwa, nyuma mji na vilima. Na Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kidogo, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla haijainuka na inasimama kwa shida zaidi ikitua. Ndiyo maana zile ndege kubwa za jeti mnazoziona hapa Ilemela hamzioni kule. Ni kwamba hazienei, wala siyo dharau kwa Wahaya, ingawa shemeji zangu hawakubali.

Kingine ni vifaa. Kuna viwanja ambavyo vina mitambo ya kumwongoza rubani ndani ya mawingu mpaka chini kabisa, anaiona njia dakika ya mwisho na anatua. Kuna viwanja ambavyo rubani asipoona kwa macho yake mapema, basi. Dakika 45 zinageuka saa tisa, au kesho, kutegemea uwanja uko kundi gani. Hapa ndipo kwenye mada yangu hasa.

Turudi dirishani kwangu. Nina mteja, mama wa Mwaloni Kirumba, anauza dagaa. Kwake Bukoba ni Bukoba mjini, sokoni. Nilikaa naye nikamwandikia safari yake ya kweli, kutoka kitandani mpaka kwenye meza yake kule. Nusu saa na zaidi kufika uwanjani, maana uko kama kilomita kumi nje ya mji. Saa moja na nusu mpaka mbili pale ndani. Dakika 45 za ndege. Dakika ishirini za mizigo. Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, unaweza kutembea kwa miguu mpaka sokoni. Jumla ni saa tatu na nusu mpaka nne. Basi ni saa saba mpaka nane. Kwake yeye ndege inaokoa nusu siku, na siku ya biashara nzuri inalipa.

Lakini yule anayekwenda Muleba? Ndege inampita juu, inamshusha Bukoba, halafu anapanda gari kurudi nyuma kilomita sabini hivi. Saa nne zimekuwa tano na nusu au sita. Na basi linapita Muleba kabla ya kufika Bukoba! Huyu tangu Juni 19, 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, ndege haina cha kumwambia. Kilomita tatu za daraja zinavukwa kwa dakika chache, wakati kivuko chenyewe kilikula nusu saa na foleni ikala unachokijua. Tena mabasi ya usiku yaliruhusiwa upya Oktoba 2023. Hapo makamanda naomba tuwe waungwana. Daraja lile limepunguza muda wa mwananchi kuliko ndege yoyote iliyowahi kununuliwa, na ukienda Sengerema kulibeza utazomewa, na utastahili.

Sasa safari ya upande wa pili, Bukoba kuja Mwanza. Hii ndiyo inayonifanya niamke usiku. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa. Karatasi ya rufaa ikiandikwa Kagera, mara nyingi inaandikwa Bugando. Kwa mfanyabiashara, saa nne dhidi ya saa nane ni faida au hasara. Kwa mama aliyekaliwa na mishipa ya kichwa, au mzee ambaye hawezi kukaa kwenye kiti cha basi mpaka Katoro, tofauti ile ni kitu kingine. Nimekata tiketi za watu wa namna hiyo. Mwaka jana kijana mmoja alinipigia kutoka Bukoba, baba yake anatakiwa Bugando, ndege imeahirishwa mpaka kesho. Akaniuliza, dada nisubiri au nikodi gari sasa hivi? Mimi muuza tiketi, nimjibu nini? Sina namba. Sijui kati ya safari kumi za mwezi ule ngapi zilifika kwa wakati, ngapi ziligeuza, ngapi zilifutwa. Nilimwambia akodi gari. Mzee alifika salama, lakini nilikuwa nabahatisha, na nilikuwa nabahatisha na baba wa mtu.

Namba hizo mtu anazo. Kila ndege inayotua na kuruka inaandikwa. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inajua, Mamlaka ya Usafiri wa Anga inajua, Mamlaka ya Hali ya Hewa inajua mawingu yalikuwa wapi saa ngapi. Asiyejua ni anayelipa. Angalia tiketi yako siku moja, chini kabisa, utaona mistari ya tozo ya uwanja na ya usalama. Zile ni hela zako, hujakopeshwa na mtu.

Na sisi je? Mniwie radhi nitaongea kwa ukali kidogo. Sisi tukipewa kipaza sauti tuna wimbo mmoja. Ripoti ya CAG ya mwaka 2022/23, ATCL hasara shilingi bilioni 56.64. Tunaijua kwa moyo kama shairi. Ni kweli, na ni haki kuisema, na hela ile ni ya umma. Lakini kaisemee Bukoba uone. Mwananchi wa pale atakuuliza, kwa hiyo ndege yangu unataka iondoke? Hapo nimewaona viongozi wetu wengi wakikohoa. Hasara ya kuweka ndege chini kwa sababu injini zake zina matatizo ni jambo moja. Gharama ya kumfikisha mgonjwa Bugando kwa saa nne badala ya nane ni jambo lingine, na serikali yoyote, hata yetu, italazimika kuibeba kwa namna fulani. Tukizichanganya hizo mbili tunawapa wenzetu wa chama tawala ushindi wa bure.

Wao nao wana wimbo wao. Wao wanahesabu ndege. Ngapi zimefika, rangi gani, nani alizipokea na maji yalimwagwa kiasi gani. Kagera wameimbiwa na uwanja mpya pia, Omukajunguti kule Missenyi, jina ambalo nimelisikia tangu nasoma. Sina neno baya na uwanja mpya. Njia ndefu, hakuna mlima puani, sawa. Ila muulizeni anayeahidi, kutoka uwanja huo mpaka soko la Bukoba ni dakika ngapi na kwa barabara gani? Maana uzuri pekee usiobishaniwa wa uwanja wa sasa ni kwamba ukishuka umeshafika. Ukiuhamisha, yule mama wa dagaa unamrudishia saa yake moja barabarani.

Kwa hiyo nilichowaletea ni ombi la kubadilisha swali. Diwani, mbunge, mgombea, akija kwetu au kwao na habari ya ndege, tusimuulize ndege ngapi. Tumuulize saa ngapi. Mgonjwa wa Bukoba anafika Bugando kwa saa ngapi, mwezi wa nne, siku ya mvua? Safari zilizogeuzwa mwaka huu ni ngapi, na zitatangazwa lini? Uwanjani Bukoba kifaa kipi cha kumwongoza rubani kinafanya kazi leo, na mara ya mwisho kimekaguliwa tarehe gani? Na hili la mwisho nawaomba mlishike kwa sababu ya wale 19. Kanuni za kimataifa zinasema uwanja ulio kando ya maji makubwa uwe na vyombo na watu wa kuokoa majini. Basi tuulize, ndege inapokaribia kutua, boti ya uokoaji iko wapi, ina mafuta, na nani amekaa ndani yake saa hiyo? Wavuvi walifanya kazi yao Novemba ile. Kijana mmoja kati yao alipewa heshima na akaajiriwa zimamoto, vizuri sana. Lakini wavuvi hawakulipwa tozo ya usalama iliyokuwa kwenye tiketi zile.

Na kabla hatujawauliza wengine, tuanze wenyewe. Nimeleta daftari hili, kubwa, la kaunta. Yeyote katika tawi hili anayesafiri kati ya Mwanza na Bukoba, kwa ndege, basi au meli, aandike saa aliyotoka mlangoni kwake na saa aliyofika mlangoni kule, na kama alichelewa, kwa nini. Usiandike lawama, andika saa. Tukipata miezi sita ya misimu miwili tutakuwa na karatasi ambayo hakuna mkuu wa idara atakayeipuuza, na wenzetu wa Bukoba wameahidi kufungua la kwao.

Mzee mmoja wa baraza alinyoosha mkono akasema sisi vijana tunapenda mahesabu, enzi zao walikuwa wanapanda meli na wanafika. Nikamjibu shikamoo baba, na MV Victoria bado ipo, na kwa mtu asiye na haraka bado ndiyo safari ya raha kuliko zote, unalala Mwanza unaamka nyumbani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akasema shemeji yake alikuwa kwenye ile nyingine. Tukanyamaza kidogo.

Halafu dada mmoja wa Pasiansi akauliza swali ambalo nililitegemea. "Sasa wewe, kesho asubuhi ukiitwa Kamachumu, unapanda nini?"

Kamachumu napanda basi, hilo limeisha. Ila nikiitwa Bukoba mjini, nampigia kwanza mdogo wangu. Sitamuuliza ratiba. Namwambia atoke nje aangalie ziwani. Akisema Musira inaonekana, naenda uwanjani. Akisema haionekani, nipo Nyegezi saa kumi na mbili kamili.